Shati ya bulu

Jana umeme ulikatika, na shati jeupe la mtoto la kelasi bado lilikuwa na makunyanzi. Nikashusha pasi ya makala ya Mama kutoka juu ya kabati. Moshi wa kwanza ulipopanda tu, nikatafuta kiti.

Mwanzoni mwa 2009 Mama alinyoosha kikwembe chake kwa pasi hiyohiyo, mara mbili, utadhani anaenda harusini. Tulikuwa tunaenda kumwona mchunguzi. Umoja wa Mataifa ulikuwa umetuma watu nchini Kongo kukusanya habari za ukatili wa tangu Machi 1993 mpaka Juni 2003, na Yaya, ndugu yangu mkubwa, alipotea humo katikati: Oktoba 1996, vita inaingia Bukavu, yeye anatoka Kadutu kutafuta chumvi. Chumvi jamani!

Mchunguzi alikuwa mpole. Akauliza jina, umri, njia aliyoshika. Mama akajibu bila kukwama, miaka kumi na miwili alikuwa akijiandaa. Halafu: "Mama, siku ile alikuwa amevaa nini?"

Mama akafungua mdomo, neno halikutoka. Mkono wake ukaanza kulainisha kikwembe juu ya goti, palepale, palepale, kama bado ameshika pasi. Nje mwanamke alipita na beseni la samaki wa sambaza, akiita. Sauti yake ikafika, ikapita, ikaishia bondeni. Ndipo Mama akasema, "Shati ya bulu." Kalamu ikaandika.

Lilikuwa la kijani. Mfuko ulikuwa umechanika, na aliyeuchana ni mimi, asubuhi ileile, tukigombania redio. Nilikuwa na miaka tisa. Mbele ya mchunguzi nilikuwa na ishirini na miwili, nikanyamaza. Ningemsahihisha vipi Mama mbele ya mgeni? Au labda niliogopa kuulizwa habari za mfuko.

Ripoti ilitoka Oktoba 2010, kurasa zaidi ya mia tano, matukio 617. Niliipekua yote kwa Kifaransa changu cha kuungaunga. Yaya hayumo. Na tulikuwa tumeambiwa mapema kwamba wanaorodhesha matukio mazito, hawamtafuti mtu mmojammoja. Mama aliitikia kwa kichwa. Sijui alisikia nini.

Maana tangu siku ile, mpaka anafariki, akiona mgongo wenye shati la bluu sokoni Kadutu alikuwa anaongeza mwendo. Mimi nafuata na kikapu, macho yangu kwenye mashati ya kijani.