Ndago mwavuli kwa pembe yenye kivuli na unyevu

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina pembe moja ya ua ambayo mwenye nyumba amekwisha kuikatia tamaa. Mara nyingi ni ile ya nyuma ya bafu au chini ya mwembe mkubwa, ambako jua hufika kwa saa chache tu na ardhi haikauki sawasawa msimu wote wa masika. Ukoka hupandwa hapo, hudhoofika, hupandwa tena, na mwishowe fundi huitwa kumwaga zege, nayo maji ya mvua yaliyokuwa yakizama ardhini huanza kutafuta njia ya kwenda kwa jirani. Kwa maoni yangu, pembe hiyo inafaa kupewa mmea ambao ni wa kwetu hasa, nao ni ndago mwavuli, ambayo wataalamu wa mimea huiita Cyperus involucratus.

Najua kwamba jina la ndago halina sifa njema kwa mtu yeyote aliyewahi kushika jembe. Ndago ya shambani, Cyperus rotundus, huacha ardhini viazi vidogo vilivyoungana kwa nyuzi, na kila jembe linapozikata nyuzi hizo, viazi vilivyobaki huchipua upya. Ndago mwavuli ni ya jenasi hiyohiyo, lakini haina viazi vya namna hiyo. Shina lake la chini ya ardhi ni fupi na gumu, na kichaka hutanuka polepole kuelekea nje, kiasi kwamba mwenye panga kali hawezi kushindwa kukidhibiti. Ndugu yao mwingine ni mafunjo, yale ambayo Wamisri wa kale waliyatengenezea karatasi, lakini mafunjo hufikia mita 4 na zaidi na hutaka bwawa, jambo ambalo ua wa Sinza au Tabata hauwezi kulimudu. Ndago mwavuli huishia kati ya nusu mita na mita moja na nusu.

Mmea huu hutoa mabua mengi ya kijani, yasiyo na vifundo, na kila bua hubeba kileleni majani membamba yaliyotandazwa pande zote. Majani halisi ya mmea yamesinyaa na kubaki maganda ya kahawia yanayokumbatia sehemu ya chini ya bua, kwa hiyo kazi ya kutengeneza chakula hufanywa na bua lenyewe pamoja na mwavuli wake. Ndiyo sababu sipendi kuona mtunza bustani akikifyeka kichaka chote kwa mara moja, hasa kilicho kivulini, kwani huwa amekiondolea karibu kila kitu kinachokilisha. Mabua yaliyogeuka manjano ndiyo ya kukata, tena chini kabisa.

Kiasili, ndago hii huota Afrika ya kitropiki, Tanzania ikiwamo, kandokando ya mito na vijito na mahali penye majimaji, mara nyingi chini ya kivuli cha miti. Hata hivyo, hakuna haja ya kwenda kuing'oa porini. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi, na kuondoa mimea humo bila kibali ni kosa. Nako kuchimba kingo za Mto Msimbazi ni kujiletea nyumbani tope lililochanganyika na majitaka ya mjini. Wauza maua wa kando ya barabara huwa nayo katika mifuko ya miche, na kichaka kimoja kinatosha, kwa sababu huzaa vingine.

Shida kubwa ya Dar es Salaam ni mchanga. Udongo wa sehemu nyingi za jiji hupitisha maji upesi mno, na ndago mwavuli iliyopandwa moja kwa moja katika mchanga mkavu huungua ncha ifikapo Januari. Ninachopendekeza ni kuchimba shimo la kina cha sentimita 40 hivi, kulitandika nailoni nzito iliyotobolewa matundu machache ubavuni, karibu na juu, ili maji yanayozidi yatoke, kisha kulijaza udongo mzito uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Asiye na ardhi anaweza kutumia beseni kuukuu lisilovuja. Mmea hukubali jua kali iwapo mizizi imelowa, nao hukubali kivuli. Ila katika giza la kudumu mabua hurefuka, hulegea na kulala.

Maji nayo yanahitaji kufikiriwa. Visima vingi vya maeneo ya karibu na bahari hutoa maji ya chumvi, na chumvi ikijikusanya katika udongo usiopitisha maji, ncha za majani huwa za kahawia. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka bati ni bora zaidi, na masika huiosha chumvi iliyosalia.

Jambo ambalo sitalipitia haraka ni mbu. Jiji hili limeshapata milipuko ya homa ya dengi, ukiwamo ule wa mwaka 2014 na wa 2019, na mbu anayeieneza hupenda maji yaliyotulia katika vyombo vya nyumbani. Ndago mwavuli haihitaji maji ya kuonekana, inahitaji tope. Basi chombo kijazwe udongo hadi juu, kisha kitandazwe kokoto, na maji yamwagwe mpaka yaishie chini ya kokoto hizo, yasionekane kabisa.

Kuizalisha ni rahisi, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Unakata bua lililokomaa, ukiacha kipande cha sentimita 5 chini ya mwavuli, unapunguza majani kwa nusu, kisha unalitumbukiza kichwa chini katika bakuli la maji lililo kivulini. Maji hayo yabadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu, kwa sababu ileile ya mbu. Baada ya wiki chache mizizi na vichipukizi huonekana katikati ya mwavuli, na mche huhamishiwa kwenye udongo uliolowa. Anayetaka kichaka kikubwa upesi agawanye shina la chini kwa panga mwanzoni mwa masika, kila kipande kikiwa na mabua machanga kadhaa, kwani vipande vya pembeni hushika vizuri kuliko vya katikati vilivyozeeka.

Uwezo huohuo wa kuota kirahisi umeufanya mmea huu kuwa gugu huko Australia, ulikopelekwa kama pambo. Hapa kwetu upo nyumbani kwake, lakini vipande vikitupwa mferejini vinaweza kuota humohumo na kuzuia maji. Vianikwe juani mpaka vikauke kabisa, kisha vitandazwe chini ya mgomba.