Ukuta Uliofika Magotini

Likizo ya kiangazi ya 2011 vumbi jeusi la Goma lilikuwa limetuingia hadi kwenye meno. Mimi na yaya, yaani mkubwa wangu, mtoto wa mama mkubwa, tulisukuma chukudu za watu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, siku tatu, viazi na mkaa, mpaka tukapata franga elfu mbili. Katika chumba kimoja cha plei, michezo ya video, katika mtaa wa Birere hizo zilikuwa saa mbili kamili. Tulipita mkato, juu ya lava ya volkano ya 2002 iliyoganda kama uji uliomwagika, kwa vijia ambavyo watu wamejikanyagia wenyewe kwa sababu barabara ya zamani ilikuwa chini yake.

Tulitaka mchezo mmoja tu, ule wa vita vya Vietnam. Wenzetu shuleni walikuwa wakiusimulia kana kwamba walirudi kutoka huko.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimejua mchezo mmoja wa bunduki: Doom, ule wa 1993, kwenye kompyuta nzee ya mjomba. Katika ramani yake ya kwanza kuna dirisha. Ukichungulia unaona uani ngao ya buluu imekaa katikati ya bwawa la sumu, na hakuna mlango wa kufika huko. Nilizunguka jioni nyingi nikibonyeza kila ukuta, mpaka siku moja, upande wa mwisho kabisa, njia ikafunguka na nikajikuta nje, peke yangu, chini ya mbingu. Hakuna aliyenielekeza. Mpaka leo naikumbuka furaha ile mwilini.

Basi nilishika maneti, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, nikiwa na hamu hiyo. Picha zilikuwa nzuri, hilo nalikubali kabisa: tope, moshi, jasho kwenye nyuso za askari. Lakini juu ya kichwa cha askari mwenzangu kulikuwa na neno la Kifaransa likiniamuru nimfuate, na neno hilo halikuondoka. Nikifika mlangoni kabla yake, mlango haufunguki; lazima nimngoje aje aupige teke yeye. Nikiona njia ya pembeni, imefungwa na hewa. Kulikuwa na ukuta wa magunia ya mchanga uliofika magotini, na nyuma yake nafasi nzuri ya kuwazunguka adui. Nikabonyeza kitufe cha kuruka mara kumi. Askari wangu alipanda juu na kushuka palepale. Nyumbani kati yetu na jirani kulikuwa na ukuta wa mawe ya volkano unaonifika kifuani, na mimi niliuruka kila siku na bidoni ya maji mkononi!

Ndipo tukafika kwenye kilima cha Khe Sanh, kambi ya Wamarekani huko Vietnam. Mzingiro wa kweli wa mahali hapo, mwaka 1968, ulidumu siku 77. Wetu ulikula zaidi ya saa nzima.

Adui walipanda mlima kutoka kwenye mahandaki. Tuliwapiga. Wakaja wengine, palepale, kwa mwendo uleule. Yaya alishika maneti, mimi nikawa nahesabu kwa sauti. Nilipofika mia moja na arobaini niliacha.

"Banakuya tena, yaya!"

"Nawaona. Wataisha."

"Tupite kwa nyuma."

"Nyuma haiko njia."

"Iko! Jaribu kushoto."

Alijaribu kushoto, akafa. Tukaanza upya, na yule askari wa kwanza akaanguka kwenye shimo lilelile akipiga kelele ileile. Kilichoniuma ni kwamba mia moja na arobaini hawakuwa kitu. Mchezo haukuwa ukihesabu. Wangekuja mpaka asubuhi, kwa sababu hawakuwa jeshi lenye idadi. Walikuwa bomba lililoachwa wazi, na mtu aliyelitengeneza alikuwa akingoja tufanye jambo moja alilolipanga yeye, hilo tu, ndipo alifunge. Akili yetu yote, kujificha, kubana risasi, kuvizia ubavuni, haikuwa na mahali pa kuingia.

Zikiwa zimebaki dakika kumi, mtoto mmoja aliyekuwa akingoja zamu nyuma ya benchi alisema taratibu, "Piga mapipa teke."

"Mapipa gani?"

Yalikuwepo, pembeni, rangi ya tope kama kila kitu. Yaya akasogea, akapiga teke la kwanza. Pipa likabingirika, moto ukawaka mlimani. La pili. Mlima ukanyamaza. Askari mwenzetu akainuka, na lile neno likarudi juu ya kichwa chake.

"Umeona? Ilikuwa rahisi," yaya alisema, na akanipa maneti, kwa maana dakika za mwisho tulikubaliana ni zangu.

Sikumfuata yule askari. Niligeuka nyuma, nikautembelea ukuta wa magunia kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, kifua kwenye mchanga, nikibonyeza kila hatua. Yule askari alikuwa akiniita kwa maneno yaleyale mawili. Yaya alinisihi: leki, mdogo wangu, unapoteza muda, twende mbele. Nilifika kwenye kona na kuanza upande wa pili. Nilikuwa bado nabonyeza mwenye chumba alipokuja kunigusa bega.