Kwani Nairobi Hamna Kitanda?

Jumapili usiku

Nimemwambia Mama. Nilikuwa nimeazimia kumwambia nikisharudi, lakini yeye hupiga simu kila Jumapili baada ya chakula cha jioni, na leo amenikuta nahema: ndiyo kwanza nilikuwa nimepandisha baiskeli mpaka ghorofa ya nne. Akauliza nimekimbizwa na nani. Uongo ukanishinda. Nikamweleza kwamba Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu natoka Kawangware kwa baiskeli, napita Ngong na Kiserian, nateremka Bonde la Ufa kwa barabara ya Magadi, nalala kwenye hema, na kesho yake narudi.

Akanyamaza. Nikadhani laini imekatika.

"Mwanangu," akasema, "kwani huko Nairobi hamna kitanda?"

Nilicheka peke yangu. Yeye hakucheka, na nikituliza akili najua kwa nini. Katika watu wote ninaowafahamu, hakuna aliyelala nje usiku mwingi kama yeye. Shamba letu liko nje kidogo ya Voi, upande ambao ndovu wa Tsavo hutokea, na mahindi yakishaanza kubeba, ama mtu alale dunguni ama asahau kuvuna. Dungu la Mama lilikuwa la nguzo nne na sakafu ya fito, paa la nyasi, na pembeni debe tupu na kipande cha chuma cha kulipigia. Nilipokuwa darasa la tano nilikuwa nikimsindikiza siku za likizo. Ndovu humwoni. Unasikia bua moja likivunjika, kisha la pili, na hapo Mama ameshaanza kupiga debe kama mtu aliyerukwa na akili. Asubuhi tulishuka miguu imekufa ganzi, tukahesabu mistari iliyobaki. Kwake kulala nje ni kazi, tena ya usiku, isiyo na malipo. Sasa binti aliyesomeshwa na mahindi hayohayo amekwenda kununua hema.

Nilimwambia nataka tu kuona kama naweza.

"Kuweza unaweza," akasema. "Mimi nimeuliza kitanda."

Jumanne

Nimekuwa nikimtafutia Mama jibu siku mbili hizi. La karibu nililolipata ni hili: naendesha baiskeli mwaka wa tatu sasa, na kila nilikokwenda nilikwenda nikitazama saa.

Nilianza kwa sababu ya nauli. Mvua ikigusa tu Nairobi, nauli ya Kawangware hupanda kabla matone hayajafika chini. Nikanunua baiskeli ya mtumba yenye gia, nikaanza kwenda nayo kazini kwa ile njia ya baiskeli ya Ngong Road, ambayo sisi waendesha baiskeli tunagawana na bodaboda, wauza viatu na mara mojamoja matatu yenye haraka. Baadaye Jumapili zikaanza kunipeleka mbali: Karen, Bulbul, Ngong, Kiserian. Siku moja nikajikokota mpaka Kona Baridi. Pale ardhi inakatika. Upepo unakupiga kifua, na bonde lote linafunguka chini yako, mlima wa Olorgesailie ukielea katikati ya vumbi. Nilikula ndizi mbili nikitazama malori yakiteremka mpaka yakawa siafu. Kisha nikatazama saa, ilikuwa saa sita, nikageuza baiskeli. Kugeuza kule kuliniuma kuliko mlima niliokuwa nimeupanda, na nafikiri safari hii ilianzia hapo.

Hesabu yake si ngumu. Kutoka mlangoni kwangu mpaka Olorgesailie ni kilomita sitini na kitu. Kona Baridi iko juu ya bahari mita zipatazo 2,000, Olorgesailie karibu mita 1,000. Kwa hiyo Jumamosi nashuka kilomita nzima ya wima nikiwa nimekaa tu, na Jumapili kilomita hiyohiyo inanidai. Magadi yenyewe iko mbele zaidi na chini zaidi, nayo ni tanuri. Hiyo nimeiacha kwa mwaka mwingine. (Maharagwe ya Mama yaliiva kwa magadi miaka yote hiyo, nami nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba kuna ziwa lenye jina hilo.)

Nimechagua Julai kwa sababu mvua za masika zimekwisha na joto la huko chini linavumilika, wakati sisi wa juu tunavaa makoti mawili. Na nimechagua wikendi ambayo mwezi unakaribia kuwa mpevu. Sababu ya kiufundi ni kwamba nitaokoa betri ya tochi. Sababu ya kweli ni woga.

Jumatano

Leo nimeaibika vizuri.

Nina mwenzangu ofisini, Mmaasai wa Kajiado Magharibi. Wakati wa chai nikamwonyesha ramani kwenye simu, mahali nilipokuwa nimeweka alama: mbele ya Oltepesi, mbali na barabara, hakuna hata kibanda. Nikamwambia kwa fahari kwamba hapo ndipo nitakapolala, porini kabisa, bila mtu.

Akachukua simu, akaikuza ramani kwa vidole, akaanza kutabasamu.

"Hapa ni karibu na kwa mjomba wangu," akasema. "Huu mti unaouona, mbuzi wake hupumzika hapo saa saba."

Nikasema lakini panaonekana patupu. Akasema patupu pameachwa patupu. Kuna sehemu ambazo watu wamekubaliana zisiguswe mpaka kiangazi kikaze, na karibu na boma kuna malisho ya ndama, olopololi, ambayo hata jirani haingizi ng'ombe wake bila neno. "Wewe unatafuta pori," akasema. "Hapo hakuna pori. Kuna malisho, na malisho yana mwenyewe."

Nilijisikia kama wale wageni wa zamani walioandika kwenye ramani zao kwamba hapa hapana watu. Miezi miwili nimelinganisha uzito wa mahema, na sikuwahi hata mara moja kujiuliza nitamwomba nani ruhusa. Mama angekuwa ameuliza hilo kabla ya lolote. Kwao Taita huwezi hata kuokota kuni kwenye shamba la mtu bila kupiga hodi.

Basi mpango umebadilika. Mwenzangu atampigia mjomba wake simu, nami nitapiga hema nje ya boma, umbali wa kusikia mbuzi wakikohoa. Nitabeba majani ya chai na sukari, kilo mbili, kwa sababu huendi kwa mzee mikono mitupu. Rafiki yangu mmoja wa baiskeli, anayejua mambo haya kuliko mimi, amesema kwa dharau kidogo kwamba huko si kulala porini, ni kwenda kutembelea watu. Labda. Lakini fisi akipita usiku, nataka awepo mtu wa kuniambia kama huyo ni fisi wa kila siku au ni wa kuamkia.

Na kama mjomba atakuwa amesafiri, nitasogea mbele mpaka Olorgesailie kwenyewe, kwenye kituo cha Makumbusho ya Taifa, ambako unalipa na kupiga kambi bila maswali. Nilipelekwa pale mara moja na shule. Ninachokumbuka ni mashoka ya mawe, mamia kwa mamia, yamelala chini pale yalipoachwa, nasi tukipita juu yake kwenye daraja la mbao. Louis na Mary Leakey walianza kuyachimba miaka ya 1940, na mengine yana umri unaokaribia miaka milioni moja. Mwaka 2018 watafiti walieleza kwamba zana nyingine za hapo, za miaka 300,000 na zaidi iliyopita, zilitengenezwa kwa mawe meusi ya volkano yaliyobebwa kutoka makumi ya kilomita. Habari hiyo imenifariji nilipokuwa nikipima mzigo wangu. Hata wao walibeba vitu vya mbali mpaka bonde lilelile, bila keria.

Ijumaa

Mzigo, basi, kwa kifupi. Hema la mtumba kutoka soko la Gikomba, shilingi 2,500 baada ya kubishana, kilo mbili na nusu. Mfuko wa kulalia, Gikomba vilevile, una harufu ya kabati la mtu wa Ulaya. Mikoba ya fremu imeshonwa na fundi wa viti vya matatu, kwa turubai la lori na uzi ambao naamini utadumu kuliko baiskeli. Alipomaliza aliigonga kwa ngumi akasema, "Madam, hii hata ikianguka Suswa utaikuta mzima." Vingine vyote vinafungwa kwa mipira ya tyubu kuukuu, sijaona kamba ya dukani inayoishinda.

Maji lita sita, ambayo ni kilo sita, na hakuna ujanja. Chapati nne, njugu, mayai ya kuchemsha, nduma. Viraka na solushoni, na tyubu mbili za akiba, kwa sababu ukiegesha tu baiskeli nje ya lami huko chini, miiba ya migunga na mbigiri zinakungoja. Fundi wangu wa baiskeli wa pale Dagoretti Corner amebadilisha raba zote nne za breki bila kuniuliza. Nilipolalamika kuhusu bei alinitazama kwa huruma. "Siz, unashuka Kona Baridi na mzigo, unataka kusimama na nini? Na viatu?"

Kuna jambo moja ambalo sitanii nalo. Sitapiga hema kwenye laga, yaani mkondo wa mto uliokauka, hata mchanga wake uwe laini namna gani na hata mbingu iwe safi. Mvua inaweza kunyesha milimani usiione, na maji yakakujia usiku umelala. Aprili 2024 hayakuwa mbali; tuliamka tukasikia habari za Mai Mahiu, maji yalivyowafuata watu vitandani mwao. Tangu hapo nikiona korongo kavu natafuta kwanza mahali pa kupandia.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi

Usiku nimefanya majaribio juu ya paa la ploti yetu, kati ya matangi ya maji na kamba za nguo.

Zege halikubali vigingi. Nikafunga kona mbili kwenye bomba la tangi na mbili kwenye nguzo za kamba, hema likakaa kama suruali iliyoanikwa vibaya. Saa tatu nikaingia, nikajilaza, nikajipongeza. Saa tano nikagundua kwamba baridi haitoki juu, inatoka chini. Mfuko wa kulalia ukilaliwa unabonyea, na zege la Nairobi mwezi wa Julai linanyonya joto la mgongo mpaka ndani ya mifupa. Nikashuka ghorofa moja, nikarudi na zulia la kuwekea miguu na gazeti la Jumapili lililopita. Gazeti limesaidia kuliko zulia. (Kitakachokwenda safarini ni kipande cha godoro la sponji, nitakikata leo.)

Saa nane usiku mwanga wa tochi ukanimulika usoni kupitia kitambaa.

"Nani huyo? Toka nje!"

Nikatoa kichwa. Ni soja wetu, rungu juu. Tukatazamana. Akashusha rungu polepole, akainama, na kwa sauti ya chini kabisa, ya mtu asiyetaka kunivunjia heshima mbele ya majirani, akauliza:

"Madam, kwani mwenye nyumba amekufungia mlango?"

Nilimweleza yote: baiskeli, bonde, hema. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kama ni shida ya kodi nisione haya, watu huongea na mwenye nyumba wakaelewana.

Jumapili, jioni

Mama amepiga mapema leo. Ameacha lile swali la kitanda. Ameniuliza kama nimepata mwenyeji, nikamwambia ndiyo, mjomba wa mtu wa ofisini, na nikasikia pumzi ikimtoka. Halafu akaanza kutoa maagizo kwa sauti ileile ya dunguni. Nisilale kwenye vijia vya wanyama. Vinaonekana, ni kuangalia chini. Chakula kisikae ndani ya hema. Asubuhi nikung'ute viatu kabla ya kuvaa, kwa ajili ya nge. Nikienda haja usiku nimulike kwanza mbali, nitafute macho, kisha nimulike miguuni.

"Na debe?" akauliza.

Nikasema Mama, debe kwenye baiskeli halina pa kukaa.

"Basi sufuria na mwiko. Fisi hapendi kelele. Hata wewe ukiogopa, kupiga kunakupa kazi ya kufanya."

Sikubishana. Nimetoa sufuria ya alumini yenye mfuniko, ile ya ugali wa mtu mmoja, nikaifunga nyuma juu ya hema kwa mpira wa tyubu, mwiko ukachomekwa pembeni. Kisha nimepakia vyote, na maji lita zote sita, nikaenda mpaka Karen na kurudi kuona baiskeli inavyojibeba. Imekuwa nzito kichwani na mvivu kwenye kona, ila breki ni mpya na inatulia ikishika mwendo. Tatizo ni sufuria. Kila tuta inalia, na Ngong Road haina uhaba wa matuta. Nimefika Dagoretti Corner watu wakigeuka tangu mbali.

Kwenye stegi ya bodaboda, jamaa mmoja amenyoosha mkono kunisimamisha. Nikadhani nimedondosha kitu, nikafunga breki.

Akaizunguka baiskeli, akaigonga sufuria kwa kidole, akasikiliza mlio wake.

"Hii ni ngapi?" akauliza. "Na uko na ile kubwa ya lita tano?"