Kichwa Kilicholowa Umande

Mwezi huu wote nimekuwa kwenye Wimbo Ulio Bora, kile kitabu cha Biblia. Ni sura nane tu, mtu anaweza kuzimaliza maharage yakiwa jikoni, lakini mimi nimetulia sura ya tano na sina haraka ya kutoka.

Nimekulia kanisani, na kitabu hiki nimekisikia kikisomwa kwenye ndoa tu. Hata huko ni aya mbili tatu za sura ya nane, zile za upendo wenye nguvu kama mauti, kisha kwaya inapokea. Kumbe Wayahudi wengi huusoma Wimbo huu wakati wa Pasaka, sikukuu ya kukumbuka kutoka Misri. Rabi Akiva, mwalimu wao wa kale, alisema Maandiko yote ni matakatifu, ila Wimbo huu ni patakatifu pa patakatifu. Mtawa Bernard wa Clairvaux, kule Ufaransa, alianza kuuhubiri mwaka 1135. Alipofariki mwaka 1153 alikuwa ameacha mahubiri 86, na ndiyo kwanza alikuwa ameingia sura ya tatu. Namwelewa kabisa.

Najua wapo wanaosema hili ni shairi la mwanamume na mwanamke, basi. Na kweli ndivyo lilivyo, wala sioni haja ya kulifunika. Sipendi ile namna ya kufasiri inayogeuza kila jino na kila titi kuwa fumbo la kanisa. Lakini ni Mungu mwenyewe aliyejiita mume kwa kinywa cha nabii Hosea, na katika Isaya 62 anauambia Sayuni kwamba ataufurahia kama bwana arusi amfurahiavyo bibi arusi. Kama yeye ameichagua lugha hiyo, mimi ni nani nione haya kumjibu kwayo?

Basi, sura ya tano. Usiku, mwanamke yuko kitandani, mpendwa wake anabisha hodi. Anamwambia amfungulie, maana “kichwa changu kimelowa umande”. Na yeye anajibu: nimeshavua kanzu, niivaeje tena? Nimeshanawa miguu, niichafueje? Ukiwa Njombe mwezi wa Julai, hizo aya hazihitaji mhubiri. Saa kumi alfajiri, baridi inakata, blanketi ndiyo kwanza limepata joto, na unajua moyoni kabisa kwamba unaitwa kuamka kuomba.

Anapoinuka, mikono yake inadondosha manemane juu ya vipini vya komeo. Hapo huwa nasimama nivione vile vidole vilivyolowa manukato vikitafuta komeo gizani. Anafungua. Mpendwa ameshaondoka.

Tangu tumzike mama, maombi yangu yamekuwa hivyo: nafungua, sioni mtu. Ndugu wa kanisani wamenishauri nifunge, nikemee, nikague dhambi zangu. Wananipenda, wala siwalaumu. Ila mwanamke huyu amenifundisha jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Anatoka kumtafuta, walinzi wa mji wanampiga na kumnyang'anya shela yake. Halafu anawaomba binti za Yerusalemu wakimwona mpendwa wake wamwambie kwamba anazimia kwa mapenzi. Hawatumi wakamwambie amepigwa, wala hadai shela yake. Nao wanamuuliza: huyo wako ana nini kuwazidi wengine?

Ndipo anaanza kumsifu, katikati ya jeraha na giza. Kichwa chake, nywele zake nyeusi kama kunguru, macho yake, mikono yake, mpaka anafika kusema huyu ndiye mpendwa wangu, huyu ndiye rafiki yangu. Binti za Yerusalemu wanauliza tena: sasa amekwenda wapi? Na yeye, aliyekuwa akihangaika barabarani kumtafuta, anajibu papo hapo: ameshuka bustanini mwake. Alijuaje? Shairi halielezi. Mimi naona amejua kwa kumsifu. Kwa kumtaja uzuri wake kimoja baada ya kingine amekumbuka anampenda nani, na mtu wa namna hiyo hupatikana wapi.

Nimejaribu. Badala ya kuanza na mahitaji, namweleza Yesu alivyo: mikono iliyogusa wenye ukoma, macho yaliyolia kaburini kwa Lazaro, sauti iliyomwita Mariamu kwa jina asubuhi ya ufufuo. Nasema kwa sauti, polepole, kama mtu anayewasimulia wageni. Kuna siku machozi yanakuja kabla sijafika kwa Lazaro. Kuna siku hakuna kitu, na hata hivyo naondoka mahali pale nikiwa nimempenda kwa maneno yangu yote. Sisi Wakristo wa huku tunajua sana kuomba, mikesha yetu ni ushahidi. Kumwambia Mungu kwamba ni mzuri, bila kuunganisha na ombi, hapo bado tunajifunza.

Jumatano ijayo zamu ya kuongoza jumuiya ni yangu. Mzee wa kanisa aliniuliza, “Mama, sura hiyo inafaa mbele ya vijana?” Nikamwambia, “Inafaa, Baba.” Akafikiri kidogo, akakubali. Tutasoma kuanzia aya ya pili mpaka mwanzo wa sura ya sita, kisha tutaomba kwa dakika kumi pasipo mtu kutaja ada, ugonjwa wala safari.