Siku yangu moja kitini, karani wa mizigo Tanga

Wanaoniona nimekaa chini ya feni, kompyuta mbele, huniambia nina kazi ya kupumzika. Mimi ni karani wa nyaraka katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Tanga, nina miaka 54. Kiti hiki kinachosha, na kwa umri huu kinanenepesha. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti wao wa mabasi ya London. Madereva walioshinda wamekaa walipata maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa kutwa nzima. Basi ni lile lile, tofauti ni nani amekaa. Mimi niko upande wa dereva.

Saa 12 kasoro robo alfajiri. Raba miguuni, natoka Chumbageni kuelekea Raskazone, dakika 20 kwenda na 20 kurudi, kabla jua la pwani halijakaza. Mwendo unaofaa ni ule unaokuwezesha kuongea lakini si kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza hatua. Siku nne za hivyo ni dakika 160, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau 150 kwa wiki. Ndala usitembelee mwendo huu. Hazishiki kisigino, vidole vinazing'ang'ania, na baada ya wiki chache unyayo unauma karibu na kisigino, hasa hatua za kwanza ukishuka kitandani. Raba iache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, maana mguu huvimba kidogo ukipata joto.

Saa 1:30 niko mezani. Ankara, hati za shehena, simu. Saa mbili na nusu zinakwisha hivyo.

Saa 4, chai. Hapa ndipo ofisi nyingi zinapoharibikiwa. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni takriban gramu 4. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni gramu 48, wakati kiwango bora kinachopendekezwa ni chini ya gramu 25. Usiiache kwa siku moja, utairudia kwa hasira. Punguza nusu kijiko kila wiki na ongeza tangawizi, hiliki na mdalasini, ulimi unazoea. Andazi nachukua moja, na bakuli la mbaazi. Mbaazi zina protini na nyuzinyuzi, zinakushikilia mpaka saa saba. Maandazi matatu matupu yanakuachia njaa saa tano na nusu.

Saa 7 naenda kwa mama ntilie. "Mama, wali nipunguzie, mboga niongezee." Hakuna aibu hapo, na bei ni ile ile. Nusu ya sahani iwe matembele, mchicha au bamia, robo iwe samaki, robo wali au ugali wa ukubwa wa ngumi yako. Samaki awe wa kuchoma au wa mchuzi, kwa sababu kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120 na samaki wa kukaanga anaweza kunywa zaidi ya kimoja. Nyumbani mchuzi wa nazi naupika kwa tui jepesi, lile zito naweka kidogo mwishoni kwa ladha. Nikimaliza kula sikai. Natembea dakika 10 kwenye kivuli cha miti, kwa sababu misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu wakati ule ule inapopanda. Anayetumia dawa za kushusha sukari awe na kitu kitamu mfukoni na aongee na daktari wake kwanza.

Saa 8 akaja mfanyabiashara wa vipuri vya baiskeli, na hapo saa ilisimama. Ankara yake ilisema katoni 421, orodha ya mzigo ikasema 412. "Dada yangu, angalia tena, mzigo wangu unalipa ghala kila siku." "Kaka, naangalia." Mfumo nao ukawa unakwama, kiduara kinazunguka kwenye skrini, ukifunguka unataka uanze upya. Huwezi kunyanyuka ukaenda zako, kwa sababu ukienda mteja anadhani umemtoroka, na mfumo unaweza kufunguka wakati haupo. Saa mbili na nusu nzima.

Watu hawajui kinachotokea mwilini katika saa kama hizo. Mashavu ya miguu ndiyo pampu ya kurudisha damu juu. Yakitulia, damu na maji vinabaki chini na vifundo vinavimba hadi ndala zinabana jioni. Nyama za mbele ya nyonga zinajikunja, ukisimama kiuno kinauma. Na kichwa kilichochoka kinaomba kashata ingawa tumbo lilishiba saa moja iliyopita. Kwa hiyo kila kiduara kilipozunguka, nilifanya kazi chini ya meza: visigino juu na chini mara 30, kisha goti moja linyooshwe na kushikiliwa hesabu ya 10, kisha la pili. Mabega nyuma, kana kwamba unabana kalamu katikati ya mgongo. Maji glasi moja kabla ya kugusa kitu chochote kitamu. Karatasi zake nilizisoma kwa sauti nimesimama kaunta, zamu yake na zamu yangu, na hapo ndipo jibu lilipoonekana: tofauti ilikuwa 9. Tofauti inayogawanyika kwa 9 mara nyingi ni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Tulihesabu mstari kwa mstari, aliyechapa ankara alikuwa amegeuza 12 kuwa 21. Akaomba ankara iliyosahihishwa kutoka kwa muuzaji, akaondoka ananishukuru. Ofisini hakuna aliyejua kwamba miguu yangu ilikuwa imefanya mazoezi muda wote huo.

Jioni mwili hautaki kitu. Jua limeshuka, na leo ni siku ya mazoezi ya nguvu, moja kati ya mbili za wiki. Siku hizi mbili ndizo ninazozitetea kuliko zote. Misuli huanza kupungua tangu umri wa miaka thelathini na kitu, na hedhi ikikoma homoni ya estrojeni inashuka, mafuta yanahamia tumboni na mifupa inapungua uimara. Ukijinyima chakula bila kunyanyua chochote, mzani utashuka lakini sehemu ya ulichopoteza ni misuli. Kigoda kiegemee ukutani, kiti cha ofisini chenye magurudumu kitakuangusha. Kaa, simama bila kushika mahali, mara 10, pumzika, rudia mara tatu. Magoti yaelekee vidole, yakiingia ndani ndipo yanapouma. Kisha mikono ukutani, sukuma mara 12, mara tatu. Kisha mfuko wenye chupa mbili za maji za lita moja na nusu, kilo 3, inama kidogo mgongo ukiwa umenyooka na uvute hadi mbavuni. Toa pumzi unapovuta. Kuzuia pumzi kunapandisha shinikizo la damu ghafla. Maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha, nenda hospitali. Na kukunja tumbo mara mia hakuyeyushi mafuta ya tumbo, kunaimarisha nyama zilizo chini yake tu.

Mzani napanda Jumamosi tu, asubuhi, kabla ya chai. Kilo 74 kwa urefu wa mita 1.60 ni 74 gawa kwa 2.56 (1.60 mara 1.60), yaani 28.9, kipimo cha uzito kwa urefu kiitwacho BMI. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene. Ila ninaiamini zaidi tepu ya fundi cherehani: katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Kiuno kikizidi nusu ya urefu, huenda tumbo lina mafuta mengi ya ndani. Kwangu mpaka ni sentimita 80, na nimebakisha tano.

Nimekula mapema, samaki wa jana na mchicha. Mbaazi za kesho zimelowekwa, raba ziko mlangoni, na saa 3:30 nazima taa.