Tyubu na chaki

Jumapili, usiku

Tangu magharibi nimekaa na tyubu ya pikipiki. Imetoka kwa fundi kuzibwa, nikaijaza upepo, nikaisimamisha wima sakafuni, nikachukua chaki. Alama ya kwanza nimeitia juu kabisa, mahali ambapo tone la maji lingesita lisijue literemkie upande gani. Ya pili chini kabisa, tyubu inapogusa saruji. Mbili zilizobaki zimo ndani ya tundu, juu yake na chini yake, na zote ni kama tandiko la punda: ukienda huku unapanda, ukienda kule unateremka.

Kilele kimoja na bonde moja, toa matandiko mawili: sifuri. Chungwa lina kilele na bonde tu, kwa hiyo mbili. Kisha nikaikandamiza tyubu pale juu kwa ubavu wa kiganja. Vikatokea vilele viwili, na katikati yao likazaliwa tandiko jipya. Sifuri ileile.

Vilele na mabonde, ukitoa matandiko: namba hiyo huitwa namba ya Euler, naijua tangu chuoni. Kilichoninyima usingizi miaka yote ni makala ya Edward Witten ya mwaka 1982 kuhusu supasimetria na nadharia ya Morse, ile ya kulisoma umbo kwa vilele, mabonde na matandiko yake. Naifungua, nakwama, naifunga. Leo imefunguka.

Witten anaiachia chembe ya kwanta, ndogo mno na yenye kanuni zake, itembee juu ya umbo. Kwenye supasimetria, ulinganifu unaounganisha makundi mawili ya chembe za maumbile, bosoni na femioni, kila hali ya chembe yenye nishati zaidi ya sifuri ina mwenzake wa nishati hiyohiyo, mmoja bosoni, mwingine femioni. Zenye nishati sifuri peke yake ndizo zinazoweza kukaa bila mwenza. Sasa libonyeze umbo utakavyo, mradi usilichane: hali ikipanda kutoka sifuri, sharti ipande na mwenziwe, na ikishuka, hushuka naye. Bosoni za sifuri ukitoa femioni za sifuri, jibu halitikisiki. Jibu hilo ndilo namba ya Euler!

Halafu linakuja lile lililonifanya niinuke kitini. Mteremko wa umbo ukigeuzwa kuwa kizuizi cha nishati, na kizuizi hicho kikakazwa sana, chembe hujikusanya pasipo na mteremko, palepale nilipotia chaki. Kwenye kilele na bonde ni bosoni, kwenye tandiko ni femioni. Kilele changu cha ziada na tandiko lake vinaonekana kuwa na nishati sifuri, lakini chembe hupenya kutoka kimoja hadi kingine, na kule kupenya kunavipandisha vyote viwili, kidogo sana, kwa pamoja. Zile alama nne za mwanzo zinabaki sifuri, maana zinashikiliwa na umbo lenyewe.

Chuoni tulisoma hisabati jengo hili, fizikia jengo lile. Na Witten, mwanafizikia, mwaka 1990 akapewa Nishani ya Fields ya wanahisabati. Supasimetria ya chembe za msingi haijaonekana bado kwenye maabara yoyote. Hesabu hii haikuingoja.

Asubuhi tyubu inarudi kwenye gurudumu. Chaki sijaifuta.