Siku moja maishani mwangu: fundi wa maabara, Njoro

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baridi ya Njoro inauma masikio. Nimeshuka kijitoni nyuma ya shule na kisu, nakata gugu ambalo hata mbuzi wanalipita: bua la kijani lenye pingili kama muwa, ndani tupu, halina ua wala mbegu. Ni mkia wa farasi. Nachagua mabua yenye kifundo cha spora, chembe ndogo za kuzaliana, kileleni.

Saa mbili. Stima imepotea. Natoa hadubini kuukuu yenye kioo cha kuakisi mwanga na kuielekeza dirishani.

Saa nne, Kidato cha Tatu. Nawaambia kwamba gugu hili lilikuwa na jamaa walioitwa kalamiti, miti iliyopita mita 20. Waliota kwenye vinamasi vya Ulaya na Marekani zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, na leo wamo ndani ya makaa ya mawe. Mvulana wa nyuma akauliza, "Mwalimu, mbona jina kama kalamu?" Karibu nimkumbatie! Mzizi ni mmoja: tete kwa Kigiriki ni kalamos, Waarabu wakasema qalam, nasi tukapokea kalamu.

Kisukuku chenyewe, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, hatuna. Wiki jana nilishindilia tope kwenye kipande cha mwanzi, na leo nimekipasua. Kalamiti nyingi zilihifadhika hivyo: tope lilijaa uwazi wa shina, mbao ikaoza, likabaki jiwe lenye umbo la ule uwazi. Tope langu limetoka laini. La kalamiti lina mifereji mirefu, alama za mbao iliyolizunguka. Ndiyo, zilikuwa na mbao. Gugu letu halina. Si mjukuu wao wa kuzaliwa, ni wa tawi la pembeni la ukoo. Vinamasi vilipokauka majitu yakaisha, ikabaki jenasi moja tu, kundi la gugu letu.

Kipindi kilikuwa kimekwisha lakini hakuna aliyetoka. Kila spora ina tepe nne: zikikauka zinanyooka, zikipata unyevu zinajikunja. Walipanga foleni kwenye hadubini wazipulizie pumzi.
"Zinacheza!"
"Toka, ni zamu yangu!"

Mchana, kuosha vioo na kujaza daftari la kemikali.

Saa kumi na moja nikapeleka masalio jikoni. Mabua haya yana silika, madini magumu kama ya mchanga, yanakwangua masizi kuliko stilwuli. Mpishi akageuza sufuria kwenye mwanga.
"Mwalimu, kesho niletee mengine. Bado ile kubwa ya githeri."